Kumkagua njeku wa mbegu: anza nyuma, pembe zitasubiri

Kwenye soko la ng'ombe wanunuzi wengi hujipanga upande wa kichwa. Wanatazama pembe, rangi, unene wa shingo, na namna mnyama anavyopuliza pua. Muuzaji mzoefu analijua hilo. Utakuta amemsimamisha njeku wake, yaani dume kijana, miguu ya mbele ikiwa juu ya kimwinuko na ya nyuma chini, ili kifua kionekane kirefu. Alfajiri amempa chumvi, kisha akamwachia maji anywe apendavyo. Tumbo limejaa, mbavu zimefichika. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, omba mnyama asogezwe mahali tambarare, halafu nenda ukasimame nyuma yake.

Nawafikiria hasa wafugaji wanaoishi Goma mjini, mashariki mwa Kongo, na ng'ombe wao wako Masisi, Rutshuru au huko Nyiragongo. Siku hizi dume hununuliwa kwa simu: mchungaji anatuma picha ya WhatsApp, karibu kila mara ni ya kichwa na pembe, jioni pesa inatumwa. Jike akiwa mbaya anakuharibia ndama mmoja kwa mwaka. Dume akiwa mbaya anakuharibia wote, na ubaya wake unachelewa kuonekana. Jike asiyeshika mimba hurudi kwenye joto, yaani hamu ya kupandwa, baada ya siku 21 hivi. Mchungaji asipokuwa makini, miezi mitatu inapita kila mtu akidhani zizi lina mimba. Mwaka wa maziwa umekwenda hivyo.

Ukimtumia mtu akutazamie, mwambie akuletee picha nne: nyuma, ubavu mzima akiwa mahali tambarare, mdomo wazi, na video fupi akitembea. Asiyeweza kupata hizo nne hajamkagua.

Umri uko mdomoni

"Ana miaka miwili" ni maneno ya kila muuzaji. Fungua mdomo. Ng'ombe hana meno ya mbele juu, ana ufizi mgumu tu. Chini ana manane. Ya utoto ni madogo na yana shingo nyembamba. Jozi ya kwanza ya ukubwani, yale mawili ya katikati, hutoka kati ya miezi 18 na 24 kwa Frisonne, ng'ombe wa maziwa wa Kizungu, na machotara wake. Ankole, ng'ombe wa kienyeji wenye pembe ndefu, huchelewa, mara nyingi hupita miaka miwili. Jozi ya pili hutoka kwenye miaka miwili na nusu hivi, ya tatu kwenye miaka mitatu, ya nne inakaribia miaka minne. Ukiambiwa njeku wa miezi 20 ukakuta meno manne makubwa, huyo ni dume aliyekwisha fanya kazi mahali fulani. Linalobaki ni kujua kwa nini mwenyewe anamtoa.

Rangi ya meno isikupoteze. Mvua inayonyesha kupitia moshi wa volkeno ya Nyiragongo hubeba floridi nyingi, na floridi ikiingia mwilini jino likiwa bado linajengeka huacha madoa ya kahawia. Jino la namna hiyo hulika upesi. Hesabu idadi na ukubwa, rangi iache.

Mkono ukiwa bado mdomoni, angalia taya. Meno ya chini yaguse ufizi wa juu ukingoni. Yakitokeza mbele au yakibaki nyuma, mnyama anashindwa kukata nyasi fupi, na nyasi ya kikuyu ya Masisi iliyoliwa na ng'ombe wengi ni fupi kama nywele za kunyolewa juzi. Kasoro hiyo hurithiwa.

Makende

Madaktari wanasema korodani. Zizini tunasema makende, na hapa nitatumia neno la zizini. Mnunuzi akiwa na dakika kumi tu, dakika saba azitumie hapa.

Makende hufanya kazi yakiwa na baridi kuliko mwili, kwa nyuzi 4 hadi 5 hivi. Ndiyo sababu yananing'inia. Umbo zuri la mfuko wake ni kama kibuyu cha maziwa: shingo nyembamba juu, tumbo pana chini, na sehemu ya chini kabisa ikaribie usawa wa kifundo cha nyuma. Mfuko ulionyooka kama soksi, hauna shingo, mara nyingi umejaa mafuta pale juu, na mafuta yanazuia damu kupoa. Hilo utaliona kwa njeku waliolishwa machicha ya bia na pumba kwa miezi ili wauzwe wakiwa wananona. Mfuko uliochongoka chini na kujibana kwenye mwili ni mbaya zaidi. Kwa kawaida ndani yake kuna makende madogo.

Kwenye shika-shika, mfunge kwanza. Korido ya mbao inayotumika kunyunyizia dawa ya kupe inatosha. Mtu mmoja ainue mkia wima. Mnyama aliyeinuliwa mkia hapigi teke kwa urahisi. Usifanye hivyo alfajiri ya huko milimani Mushaki yenye ukungu, kwa sababu baridi hukunja mfuko na makende hupanda juu. Ngoja jua litoke, au kwanza pasha mikono yako.

Shika moja baada ya jingine. Kila moja lisogee juu na chini ndani ya mfuko bila kunata. Ili ujue ugumu unaotakiwa, kunja mkono wako, kaza msuli wa juu, kisha ubonyeze: unasukuma, unarudi. Kende zuri liko hivyo. Likiwa laini kama parachichi lililopitiliza, linachakaa, pengine kwa homa ya miezi miwili iliyopita. Likiwa gumu kama kiazi kibichi, au lina vinundu, kuna kovu ndani na halitapona. Shuka na vidole hadi chini kabisa. Utagusa kifundo kidogo kigumu, ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Hapo ndipo mbegu zilizokomaa hukaa zikisubiri. Kiwepo pande zote mbili, kisiwe na uvimbe wala maumivu.

Tofauti ndogo ya ukubwa kati ya makende mawili ni ya kawaida. Moja likiwa dogo waziwazi, acha. Likiwa moja tu, acha pia, hata ukiambiwa "lingine litashuka": kwa ng'ombe makende hushuka ndama akiwa bado tumboni mwa mama, na lililobaki ndani halishuki akiwa njeku. Hilo nalo hurithiwa, na dume wa kende moja anaweza kuzalisha vizuri tu, ndiyo hatari yake: anakuachia zizi zima la wana wenye kasoro ile ile.

Kisha pima mzunguko. Mita ya mshonaji inatosha, ile ya plastiki inayouzwa sokoni Birere. Shika shingo ya mfuko kwa mkono mmoja, sukuma makende yote mawili hadi chini yakae sambamba, ngozi isiwe na mikunjo. Kidole gumba na vingine vikae pembeni. Watu wengi huingiza kidole gumba katikati ya makende. Yanaachana, na mita inasoma sentimita moja au mbili za uongo. Zungusha mita mahali penye upana mkubwa, kaza hadi ngozi ibonyee kidogo tu, soma. Legeza, pima tena, mara tatu. Vipimo vikipishana zaidi ya nusu sentimita, tatizo liko mkononi mwako.

Kwa dume wa damu ya Kizungu, kama Frisonne au Brune des Alpes, kiwango cha chini kinachotumiwa na madaktari wengi duniani kilitokana na ng'ombe wa nyama: sentimita 30 hadi miezi 15, 31 kati ya miezi 15 na 18, 32 hadi 21, 33 hadi 24, na 34 akishapita miaka miwili. Balehe yenyewe huja mzunguko ukifika 28 hivi. Ankole hukomaa polepole na mwili wake ni mdogo. Kumhukumu kwa vipimo hivyo ni kumwonea. Huyo mlinganishe na wenzake waliozaliwa msimu mmoja kwenye malisho yale yale, umchukue wa juu. Lakini Ankole wa miaka miwili na nusu ambaye bado yuko chini ya 28, mimi singemlipia.

Mzunguko ni wa kuhangaikia kwa sababu mbili. Kende kubwa linatoa mbegu nyingi, hilo kila mtu anaelewa. La pili linasahaulika: ukubwa wa makende hurithiwa kwa nguvu, na mabinti wa dume mwenye makende makubwa huwahi kuingia kwenye joto. Unapima baba, unawahisha mitamba.

Usisahau ngozi. Kupe wakubwa wenye madoadoa hupenda mahali pale, na wakiondolewa kwa kuvutwa huacha vidonda. Kovu nene halitanuki wala halikunjiki, na mfuko usioweza kujikunja na kujilegeza hauwezi kulinda joto lake.

Miguu, kwa sababu kwetu ni milima

Dume humpanda jike akiwa amesimama kwa miguu miwili ya nyuma. Uzito wote uko huko. Kwenye mteremko wa Ngungu baada ya mvua, mguu wenye kasoro ndogo unakuwa kasoro kubwa.

Mtazame kwa ubavu. Mguu wa nyuma uwe na kona ya wastani kwenye kifundo, unyayo ukae karibu chini ya makalio. Kona ikizidi, mguu umejikunja kama mundu, kwato zinalika nyuma na mnyama anachoka. Mguu ulionyooka kama nguzo wengi huusifia, "amesimama wima kama askari", lakini kwa dume mimi nauogopa kuliko ule wa mundu. Hauna springi. Kila akishuka kutoka mgongoni mwa jike, goti na kifundo vinabeba kishindo chote. Baada ya msimu mmoja au miwili utaona uvimbe wa maji kwenye kifundo, kisha anaanza kukataa kupanda ingawa makende yake ni mazima. Ukimtazama toka nyuma, vifundo visigusane wala visitanuke kama upinde.

Halafu atembezwe, taratibu, hatua ishirini kwenda na kurudi. Mguu wa nyuma ukanyage pale pale wa mbele ulipotoka, au karibu. Akikanyaga kwa hatua fupi, anaficha maumivu. Ukiweza, mpitishe kwenye makoro, yale mawe ya volkeno. Nyasi laini huficha kilema kidogo, makoro hayafichi. Kwato ziwe sawa, vidole viwili vya urefu mmoja. Kidole cha nje kilichojisokota kama parafujo hurithiwa. Nyama iliyoota katikati ya vidole nayo iangalie vizuri. Na uguse mguu mahali kamba hufungwa: alama ya zamani ya kamba iliyokata ngozi inaweza kuwa na mshipa uliovimba chini yake.

Mwili mzima haunichukui muda. Unene wa 3 kwenye ngazi ya 1 hadi 5: mbavu mbili za mwisho zionekane kidogo, mgongo usichomoze. Mgongo unyooke. Macho yote mawili yaone, kwa sababu dume hutambua jike mwenye joto kwa macho kwanza, akiwaona wenzake wakimpanda. Mabega mapana mno na mazito si sifa kama unampeleka kwa mitamba ya Ankole. Ndama wa Frisonne huzaliwa na kilo 40 hivi, na nyonga ya mtamba mdogo wa Ankole haina nafasi hiyo. Dume wa aina hiyo mpe majike waliokwisha zaa.

Kichwa sikukidharau kabisa. Kwenye mwaka mmoja na nusu njeku anapaswa kuonekana dume: shingo inavimba juu, nywele za paji la uso zinakuwa ngumu. Uso wa kike kwenye umri huo, rudi ukapime makende tena.

Uzito, kama hakuna mizani: mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, mara mzunguko huo huo, mara urefu toka ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita, gawa kwa 10,840. Kifua 150 na urefu 125 ni kilo 260 hivi. Ni makadirio, lakini yanakulinda na yule anayekuambia kilo 350.

Govi na kinachotokea akipanda

Kwa uume hakuna ukaguzi unaozidi kumwona akifanya kazi. Jike mwenye joto, aliyefungwa, dakika kumi na tano. Usimhukumu kwa hamu yake peke yake. Njeku wengi wa mara ya kwanza hupanda ubavuni au kichwani, na watajifunza. Unachotazama ni uume unapotoka. Utepe wa ngozi chini ya ncha, unaovuta uume ukunjike kama upinde, ni kasoro ya kuzaliwa. Veterineri anaweza kuukata, lakini wana wake wanaweza kuwa nao, kwa hiyo si wa mbegu. Vinyama kama vya chunjua hutokea kwa njeku wanaofungwa pamoja na kupandana. Huondolewa na mnyama hupona. Pete ya nywele iliyojisokota kwenye ncha nayo hutokana na kupandana huko. Ikikaa muda mrefu hukata, ikitolewa mapema hakuna tabu. Uume unaozunguka kama kizibuo kabla ya kuingia ni sababu ya kumwacha.

Kama kuna veterineri mwenye darubini, mlipe achukue mbegu. Anatafuta vitu viwili: angalau 30 kwa 100 ziende mbele, na angalau 70 kwa 100 ziwe na umbo la kawaida. Kioo na chupa viwe na joto la mwili, nyuzi 37. Mbegu iliyowekwa kwenye kioo baridi husimama, na dume mzima anaandikiwa kuwa mgumba. Njeku wa miezi 13 au 14 akishindwa kwa sababu mbegu bado changa, apimwe tena baada ya wiki sita hadi nane.

Alikotoka

Dume wa maziwa hana maziwa. Unayemnunua ni mama yake. Nenda ukamwone. Chuchu nne zilizopangika, kiwele kilichoshikwa juu na kisichogonga vifundo, na aulizwe amezaa mara ngapi kwa miaka mingapi. Jike aliyezaa mara nne kwa miaka mitano anasema mengi kuliko anayetoa lita nyingi lakini huzaa kila baada ya miaka miwili. Vita vya miaka ya 1990 na vilivyofuata vilisomba ng'ombe wengi wa Masisi na madaftari yao, kwa hiyo ushahidi mara nyingi ni jike mwenyewe na mchungaji wake wa siku nyingi. Muulize mchungaji, pembeni, mwenye ng'ombe akiwa mbali.

Uliza pia baba. Majirani wa kilima kimoja hubadilishana madume, na baada ya miaka kumi wote ni ndugu. Baba akimpanda binti yake, ndama anabeba 25 kwa 100 ya undugu, na hapo ndipo huanza wadogo, wanaokufa, wasioshika mimba. Dume wako mwenyewe mtoe au mbadilishe kabla hajafikisha miaka miwili na nusu kazini.

Dume wa kukodi ndiye anayeleta ugonjwa wa trikomona: vijidudu hukaa kwenye mikunjo ya govi, yeye haumwi, majike wanatupa mimba changa na kurudi kwenye joto. Njeku ambaye hajawahi kupanda hana huo, na hiyo ndiyo faida kubwa ya kununua kijana. Aliyekwisha panda aoshwe govi na maji hayo yapimwe, mara tatu kwa kupishana wiki. Damu ipimwe brusela, ugonjwa mwingine wa kutupa mimba; kende moja lililovimba na moto, au goti la mbele lenye uvimbe wa maji, ni alama zake, na ugonjwa huo unaingia kwa watu pia.

Akitoka milima yenye baridi na kupelekwa tambarare ya Rutshuru kwenye kupe wengi, mtazame tezi chini ya masikio kila siku na upime joto. Ndigana kali, homa inayoletwa na kupe, huua mgeni kabla ya mwenyeji. Akipona, jua kuwa homa imeunguza mbegu zilizokuwa zinatengenezwa. Kutengenezwa kwake huchukua siku 60 hivi, na siku kadhaa zaidi za kukomaa. Mgeni yeyote akae peke yake mwezi mmoja.

Kwa msimu wa kwanza, njeku wa miezi 15 hadi 18 mpe majike 10 hadi 15, si zaidi. Wa miaka miwili 20. Kwenye mteremko mkali punguza. Andika kwenye daftari kila jike aliyepandwa na tarehe, na tazama siku ya 18 hadi ya 24. Wakirudi wanne kati ya kumi, ni kawaida. Wakirudi saba au nane, na mzunguko wa pili vivyo hivyo, mtoe kwenye kundi, uliza kama alipata homa miezi miwili iliyopita, mshike makende, umpime kwa mita ile ile na mkono ule ule, kisha urudie baada ya siku 60 kabla hujampeleka kwa mchinjaji.